MGB au Triumph TR6: lipi linaifaa Nyanda za Juu Kusini?

Msomaji mmoja wa Mafinga ameniandikia hivi: "Shikamoo fundi. Nimeweka akiba kwa muda mrefu ili ninunue gari moja la zamani la michezo, lile la paa la turubai. Nimepata mawili. La kwanza ni MGB la mwaka 1971 ambalo limelala kwenye ghala la shamba la chai Mufindi. La pili ni Triumph TR6 la mwaka 1970, lenye mfumo wa kupulizia petroli, ambalo liko Zambia na mwenyewe bado analiendesha. Nitalitumia mwisho wa juma kati ya Mafinga, Iringa na Mbeya, na mara mojamoja hadi Tukuyu. Unanishauri nichukue lipi, na kwa nini?"

Marahaba, mdogo wangu. Jibu nalitanguliza: chukua MGB, kwa sharti kwamba chuma cha chini ya milango yake bado ni kizima. Sharti hilo nitalieleza kwa kirefu, kwa sababu ndilo litakaloamua fedha zako zitaishia wapi. TR6 ni gari lenye nguvu zaidi, na mtu wa Dar es Salaam au Tanga angeniuliza swali hilihili ningesita kabla ya kumjibu. Wewe unaishi Mafinga, ambako hewa ni nyepesi, mvua ni nyingi, na fundi utakayemkuta karibu ama alikulia kwenye kabureta (kifaa cha kuchanganya petroli na hewa) za Peugeot na Land Rover, ama amejifunza kwenye Toyota za kompyuta. Mfumo wa petroli wa TR6 hauko kwenye elimu ya kwanza wala ya pili.

MGB lilitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, na ukijumlisha yale yenye paa la chuma yalitoka zaidi ya 500,000. Injini yake ina silinda nne na ujazo wa sentimita 1,798, inapata petroli kwa kabureta mbili za aina ya SU, na kiwandani ilihesabiwa nguvu za farasi 95 hivi. TR6 lilitoka Coventry kuanzia mwishoni mwa 1968 hadi 1976, likiwa na sura iliyochorwa upya na kampuni ya Karmann ya Ujerumani juu ya bodi ya TR za kabla yake. Injini yake ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja na ujazo wa sentimita 2,498. Yaliyouzwa Marekani yalifungwa kabureta, lakini ya soko la Uingereza, na lako likiwamo, yalipewa mfumo wa kampuni ya Lucas wa kupulizia petroli, na hadi mwaka 1972 yalitangazwa kuwa na nguvu za farasi 150. Kwa namba hizo peke yake shindano limekwisha, kwa kuwa TR6 linafika kilomita 190 kwa saa wakati MGB linaishia karibu na 165.

Namba hizo, hata hivyo, zilipimwa kwenye nchi iliyo karibu na usawa wa bahari. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya bahari, na Mafinga haiko chini ya hapo. Kwenye kimo hicho injini isiyo na tabo (mtambo wa kuisukumia injini hewa) hupoteza kati ya asilimia 15 na 18 ya nguvu zake, kwa sababu kila pistoni inaposhuka huvuta hewa iliyo pungufu kwa kiasi hichohicho. MGB linabaki na farasi kama 80, na TR6 linabaki na kama 125. TR6 bado linaongoza, na ukipanda Kitonga ukitokea Ruaha Mbuyuni utalisikia likivuta kwa gia ya tatu pale ambapo MGB litakudai gia ya pili nyuma ya lori la shaba. Upungufu huo wa nguvu ungevumilika kwa magari yote mawili. Taabu inaanzia kwenye petroli, kwa maana hewa ikipungua, petroli nayo lazima ipunguzwe kwa kadiri hiyo, na hapo ndipo magari haya yanapoachana.

Kabureta ya SU ina pistoni ndani yake inayopanda na kushuka kwa kufuata hewa inayovutwa na injini, na chini ya pistoni hiyo imefungwa sindano iliyochongwa nyembamba kuelekea ncha, ambayo ndiyo inayoachia njia ya petroli. Ukileta Mafinga kabureta iliyopangwa pwani, petroli itazidi, plagi zitakuwa nyeusi kwa masizi na injini itakuwa nzito kuitikia. Tiba yake iko mkononi mwa fundi yeyote mwenye subira. Chini ya kila kabureta kuna nati inayopandisha na kushusha tundu la petroli. Ukiipandisha, petroli hupungua. Injini ikiwa imepata moto wake wa kawaida, nyanyua pistoni ya kabureta moja kwa kiasi cha milimita moja na usikilize. Mzunguko ukipanda na kubaki juu, petroli imezidi. Ukishuka na injini ikataka kuzima, petroli ni ndogo. Ukipanda kidogo kisha ukarudi mahali pake, umepata kipimo, na unahamia kabureta ya pili. Ikiwa kwa mwendo wa kasi plagi bado zinatoka nyeusi, unaagiza sindano nene zaidi, ambayo hufungwa kwa skrubu moja. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja, na ikishafanywa kwa kimo cha Mafinga haihitaji kuguswa kwa safari za Iringa, Mbeya wala Tukuyu.

Mfumo wa Lucas wa TR6 hauna umeme wa kufikiri kama ule wa magari ya leo. Ni mtambo wa chuma mtupu. Pampu ya umeme iliyo kwenye buti inasukuma petroli kwa shinikizo kubwa, kati ya pauni 100 na 110 kwa inchi ya mraba, hadi kwenye kipimio kinachozungushwa na injini yenyewe, nacho kinaigawa petroli kwa zamu kwenye nozeli sita. Kipimio hicho huamua kiasi cha petroli kwa kulinganisha mvuto ulio ndani ya njia za hewa za injini na hewa ya nje. Ukikanyaga mafuta hadi mwisho, mvuto huo unatoweka, iwe uko Bagamoyo au uko Njombe, na kwa hiyo kipimio kinamimina petroli ileile ya pwani kwenye hewa ya mlimani. Unaweza kukirekebisha, lakini kazi hiyo inataka meza maalumu ya kupimia na mtu aliyeizoea, na kwa kawaida kipimio hufunguliwa, kikafungashwa na kupelekwa Uingereza. Gari linakungoja juu ya mawe huku wewe ukiingoja posta.

Pampu nayo ina tabia yake. Inapofanya kazi kwa muda mrefu inapata joto, na petroli iliyopashwa joto kwenye kimo ambacho hata maji huchemka kwa nyuzi 94 hivi badala ya 100 ni nyepesi kugeuka mvuke. Mvuke ukiingia kwenye pampu, shinikizo linaporomoka na injini inakohoa, hasa tangi likiwa chini ya robo na barabara ikiwa na kona na mlima. Wamiliki wengi duniani wameiondoa pampu ya awali na kufunga ya Bosch, ambayo ni imara zaidi. Muulize mwenye gari wa Zambia kama amefanya hivyo, na jibu lake litakuonyesha jinsi alivyolitunza gari kwa ujumla.

Sitaki uondoke hapa ukidhani mfumo huo ni mbovu kwa asili. Mwaka 1970, katika mashindano ya kutoka London hadi Mexico, saluni ya Triumph 2.5 PI, yenye injini ya ukoo huohuo na kupulizia petroli kwa njia hiyohiyo, ilivuka milima ya Andes na kushika nafasi ya pili mikononi mwa Brian Culcheth. Mfumo uliopangwa vizuri ni mtamu kuuendesha, na mlio wa silinda zile sita unapofungua njia za hewa nausifu bila kujizuia. Nyuma ya Culcheth, hata hivyo, walikuwapo mafundi wa kiwanda na spea zao. Nyuma yako, jioni ya Jumapili pale Makambako, hatakuwapo mtu wa namna hiyo.

Sasa tuje kwenye chuma, na hapa naomba unisikilize kwa makini zaidi kuliko popote, kwa sababu upande huu TR6 ndilo lenye hoja. TR6 lina chasisi yake peke yake, kama pikapu, na bodi imefungwa juu kwa bolti. MGB halina chasisi ya namna hiyo; bodi yenyewe ndiyo inayobeba injini, magurudumu na abiria. Kwa kuwa gari la wazi halina paa la kulishika, karibu uimara wote wa MGB umo kwenye maboksi mawili marefu ya chuma yanayopita chini ya milango, kila moja likiwa na ukuta wa nje, ukuta wa katikati na ukuta wa ndani. Maji ya mvua na tope jekundu vikiingia humo, kutu hula kutoka ndani kwenda nje, na rangi ya juu hubaki ikimetameta huku ndani pamebaki unga.

Mufindi ni nchi ya ukungu na mvua ndefu, kwa hiyo gari kulala ghalani humo hakunitii moyo hata kama sakafu ni ya saruji. Ukifika, funga milango yote miwili, tia jeki kwenye sehemu yake ya kunyanyulia iliyo kwenye boksi hilo, na nyanyua upande mmoja taratibu. Ukiona nafasi kati ya mlango na bodi imebadilika, au mlango ukakataa kufunguka na kufunga kama awali, bodi inajipinda na maboksi yameshakwisha. Pitisha sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa kando ya boksi lote. Mahali isiposhika, kutu imefunikwa kwa pati, ule udongo wa kuzibia mashimo kabla ya rangi. Nyuma ya viti, fungua kifuniko utazame vikalio vya betri, maana MGB la 1971 hutumia betri mbili za volti sita zilizowekwa hapo, na asidi pamoja na maji huoza vikalio hivyo mapema. Kikalio kilichooza ni kazi ndogo. Boksi lililooza ni kazi kubwa, na mara nyingi nimeona gari likiharibiwa na mchomeleaji mwenye nia njema kuliko na kutu yenyewe: amekata pande zote mbili kwa pamoja huku gari likiwa limening'inia kwenye jeki, limezama katikati, naye akachomelea likiwa hivyohivyo. Tangu hapo milango haifungi tena. Kazi hiyo hufanywa upande mmoja mmoja, gari likiwa limekaa sawasawa juu ya vigingi, milango ikiwa imefungwa mahali pake ili ikuonyeshe kama kipimo kimehama.

Ukikuta maboksi yameoza, usilinunue kwa matumaini, hata mwenyewe akipunguza bei mara mbili. Ni kweli kwamba British Motor Heritage ya Uingereza imekuwa ikitengeneza bodi mpya nzima za MGB tangu 1988, jambo ambalo ni neema kubwa kwa gari la umri huu, lakini gharama ya kuisafirisha bodi hadi Mafinga itazidi thamani ya unachokinunua.

Chasisi ya TR6 nayo ina magonjwa yake, ila mengi yanafikika kwa mchomeleaji wa kawaida. Tazama pale mikono ya magurudumu ya nyuma inapofungwa kwenye chasisi, kwa sababu maji hukaa hapo. Kisha chukua gari, liendeshe kwa gia ya pili, achia mafuta na kuyakanyaga tena; ukisikia kishindo nyuma, huenda vishikizo vya difu, yaani boksi la gia la ekseli ya nyuma, vimepasuka. Jaribio jingine ni la krenki, yaani shafti kuu inayozungushwa na pistoni. Injini ikiwa imezimwa, mtu mmoja akanyage klachi huku wewe ukiitazama puli ya mbele ya injini. Ikisogea mbele kwa kiasi ambacho jicho linakiona waziwazi, vile vipete bapa (washa) vya kuzuia krenki isisogee vimelika, na vikidondoka vinaweza kuiharibu bloku yenyewe. Jaribio hilo usiliache hata kama mwenye gari anaona haya au anakasirika.

Kwa mwendo barabarani, yote mawili yako chini mno kwa matuta yetu, na utajifunza kuyapanda kwa kona, gurudumu moja baada ya jingine. TR6 lina springi za koili na magurudumu ya nyuma yanayojitegemea, wakati MGB lina ekseli moja ya nyuma juu ya springi za vyuma bapa kama za pikapu. Kwenye lami laini ya Igawa hadi Chimala tofauti ni ndogo. Kwenye lami iliyovimba kwa uzito wa malori, TR6 linakaa vizuri zaidi, isipokuwa shafti zake za nyuma zikiwa zimekauka grisi, kwani hapo hushika na kuachia ghafla katikati ya kona. Springi za MGB ni ngumu kiasi, lakini fundi springi yeyote wa Mbeya anaweza kuzifungua, kuzikunja upya na kuzirudisha. Sifa hiyo, kwa maoni yangu, inafidia starehe iliyokosekana. Tairi hazitakusumbua, kwa kuwa MGB linavaa ringi ya inchi 14 na TR6 ya inchi 15, na saizi zinazokubali zote mbili zinapatikana madukani.

Mwaka wa gari lako la Mufindi ni mzuri. Kuanzia mwishoni mwa 1967 MGB lilipata giaboksi inayokubali gia ya kwanza gari likiwa bado linatembea, ekseli imara zaidi ya nyuma, na altaneta ya kuchaji betri mahali pa dainamo ya zamani. Na tangu mwishoni mwa 1964 krenki yake imeshikwa na beringi tano badala ya tatu. Namba yake ya chasisi inapaswa kuanza na herufi GHN5. Ikianza na GHN3, basi hilo si la 1971 hata kama kadi inasema hivyo. TR6 la 1970 litakuwa na namba inayoanza na CP, ambayo ndiyo alama ya yale ya farasi 150.

Uliza pia kama MGB hilo lina ovadraivu, yaani gia ya ziada ya kupunguza mizunguko ya injini kwenye mwendo wa kasi. Bila ovadraivu, MGB likienda kilomita 100 kwa saa injini inazunguka kama mara 3,500 kwa dakika. Likiwa nayo inashuka hadi karibu 2,800, na safari ya Mafinga hadi Mbeya inakuwa ya mazungumzo badala ya kelele. Unapoteremka Mlima Nyoka karibu na Uyole, au Kitonga, iondoe ovadraivu na uache gia izuie gari, maana breki za diski za mbele na dramu za nyuma zilitengenezwa kwa vilima vifupi kuliko hivi.

Kuhusu petroli ya leo isiyo na risasi, hedi (vifuniko vya juu vya silinda) za injini zote mbili ni za chuma na viti vya valvu vitalika polepole ukikimbia kwa kasi kubwa muda mrefu. Siku hedi itakapofunguliwa kwa sababu nyingine, weka viti vigumu. Usiifungue kwa ajili hiyo tu.

Kama MGB litafaulu majaribio ya chuma, usikubali mtu aliwashe siku hiyo ili kukufurahisha. Injini iliyolala miaka mingi hutolewa plagi kwanza, ikatiwa mafuta kidogo ya injini kwenye kila silinda, ikaachwa usiku kucha, kisha ikazungushwa kwa mkono na spana hadi ilegee. Tangi lioshwe na petroli ya zamani imwagwe, kwa kuwa imeshakuwa gundi. Mipira yote ya breki na klachi ibadilishwe bila kuitazama kama ni mizima, na tairi zitupwe hata kama kashata zake (meno ya kushika barabara) bado ni ndefu. Lilete Mafinga juu ya gari la kubebea. Fedha utakazotumia kwa kazi hizo ziondoe kwenye bei unayotaka kumpa mwenye gari, na umweleze waziwazi kwa nini.

Jambo la mwisho ni makaratasi, nayo yanaliongezea TR6 mzigo. Likivuka Tunduma litakutana na ushuru wa forodha, kodi ya ongezeko la thamani, na ule ushuru wa ziada unaotozwa magari yaliyozidi umri, kwa hiyo pata hesabu iliyoandikwa na wakala wa forodha kabla hujatuma hata shilingi moja Zambia. La Mufindi limeshaingia nchini, lakini hakikisha kadi ya gari ipo, jina lililomo ni la muuzaji au ana hati halali ya kuuza, na namba ya chasisi kwenye kadi inafanana na ile iliyogongwa kwenye kibati cha gari. Ukikuta MGB limeoza na bado unalitamani TR6, basi tafuta TR6 ambalo limeshabadilishwa likafungwa kabureta. Litakuwa limepoteza sehemu ya nguvu zake, lakini huku juu utaweza kulipanga mwenyewe kwa njia karibu na ile niliyokueleza.